Pakruok ya Klachi Iliyolika

Katika starehe za Waluo, anayetaka kujisifu husimamisha muziki kwa pesa. Huenda mbele, huweka noti, gitaa hunyamaza, naye hujimwagia majina: mimi mwana wa fulani, shemeji ya fulani, mtu ambaye ng'ombe wake hawahesabiki. Hiyo ndiyo pakruok, na masharti yake ni mepesi: lipa kwanza, sema baadaye. Leo nasimamisha muziki kwa ajili ya klachi iliyolika. Kuhusu malipo msinisumbue. Fundi wangu wa Kibuye keshayapokea, na bado anadai.

Wapo waliosifu vya chini zaidi. Lucian, Msiria aliyeandika Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi, na nzi hajawahi kumfikisha mtu Maseno. Klachi ninayoisifu nayo haifikishi kila siku, lakini angalau hujaribu.

Reli ilifika Kisumu, enzi hizo Port Florence, Desemba 1901, na garimoshi lake halikuwa na klachi. Injini ya mvuke ina subira: mvuke huendelea kusukuma pistoni hata gurudumu likiwa halijasogea. Injini ya petroli au dizeli haina adabu hiyo. Ikiacha kuzunguka, imekufa. Na gari lazima lisimame, maana mbele kuna ng'ombe, kuna tuktuk, kuna askari mwenye kofia anayetabasamu. Kwa hiyo kati ya injini inayozunguka mara 800 kwa dakika na magurudumu yasiyotaka kuzunguka hata mara moja, pakahitajika mpatanishi. Mpatanishi huyo ni sahani nyembamba iliyowambwa lainingi pande zote mbili, ikabanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Ukikanyaga pedali, inaachiwa. Ukiinua mguu, inabanwa tena. Kila upatanisho huikwangua kidogo. Nionyesheni mpatanishi mwingine katika nchi hii anayetoka mkutanoni amekonda! Wengine wote tunaowajua hutoka na posho.

Klachi mpya haina la kusimulia. Unaachia pedali, gari linakwenda, basi. Iliyolika ndiyo yenye elimu, na somo lake la kwanza ni jiografia. Mtu anaweza kukaa Kisumu tangu utoto asijue kwamba amekaa kwenye sinia. Ziwa liko mita 1,130 na ushei juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kano umelala kifudifudi kutoka mjini hadi Ahero. Kwenye ardhi hiyo klachi mgonjwa huishi maisha marefu. Hupeleka mchele, hurudisha miwa, huhudhuria matanga, na hakuna anayemshuku. Ukingo wa sinia ndio unaomtolea ushahidi.

Shika barabara ya Kakamega. Ukishapita Mamboleo mlima wa Riat unajitokeza, na gari linaanza kutafakari. Unaongeza mafuta, injini inapaza sauti, lakini mti ulio kando ya barabara unabaki palepale ulipokuwa. Halafu inakuja ile harufu ya lainingi inayoungua, ambayo aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa, na asiyewahi sitamharibia. Abiria wa mbele anashusha kioo kwa heshima, kama kwamba alitaka tu kuangalia mandhari. Makanga keshachomoka na jiwe mkononi, analisukumiza nyuma ya gurudumu, na abiria wanaombwa washuke, watembee kidogo, gari litawachukua kule juu.

Hapo ndipo utu huanza. Ndani ya matatu inayopanda vizuri kila mtu anaitazama simu yake. Washushe Riat, waache wapande kwa miguu, utasikia mwalimu akimuuliza mama wa omena bei ya gorogoro, mhubiri akimsaidia mlevi mzigo, na wote kwa pamoja wakimjadili dereva, na baada ya dereva serikali. Zaidi ya hayo wakigeuka nyuma wanaliona ziwa. Mjini kwenyewe ziwa huonekana kwa vipande, kati ya jengo na jengo. Kutoka juu ya Riat unaliona lote hadi macho yanapochoka, bure, kwa hisani ya sahani iliyoisha.

Wizara ya uchukuzi nayo ina deni hapa. Mwaka 2004, wakati wa waziri wake, marehemu John Michuki, matatu zililazimishwa kufunga vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Palikuwa na kelele, migomo, na vidhibiti vingine vilivyofungwa mchana vikafunguliwa usiku. Klachi iliyolika imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu zamani bila sheria yoyote. Huanza kuteleza kwenye gia kubwa, pale hasa dereva anapotaka kukimbia, na haihongeki. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na huku kwetu ikabeba abiria kwa miaka mingi hadi viti vikasahau rangi; dereva wa 504 yenye klachi iliyochoka alikuwa mtu mpole kuliko kasisi. Alianza kuikabili kona akiwa bado mbali. Hakumpita mtu mlimani. Alimwachia njia hata mwenye mkokoteni, na watu wakadhani ni malezi.

Halafu klachi iliyolika ni mkweli, tena kwa taratibu. Breki huweza kukusaliti siku moja, tairi hupasuka bila kuaga. Klachi inayotumia kebo hutuma salamu miezi kadhaa mapema. Lainingi inapokonda, ile nafasi ya pedali kucheza juu kabla haijaanza kusukuma, ambayo huwa karibu inchi moja, hupungua, na gari huanza kushika pedali ikiwa imepanda juu sana, karibu na goti. Ukitaka hukumu rasmi, vuta breki ya mkono kwenye tambarare, ingiza gia ya tatu, uachie pedali taratibu. Injini ikizima, una klachi. Ikiendelea kunguruma pale ilipo kana kwamba hujafanya kitu, anza kuzungumza na chama chako cha akiba.

Lakini wengi hawaendi kwenye chama. Wanakwenda kwa fundi na kusema, «Nikazie klachi.» Hapa sifa lazima zigawanywe, maana fundi mzuri hatakaza. Kebo inapovutwa zaidi, relizi beringi huegemea vidole vya presha pleti muda wote, sahani haibanwi sawasawa, na kilichokuwa kikiteleza Riat sasa kitateleza hata pale Kondele mjini. Fundi mzuri hulegeza nati, hurudisha ile inchi ya kucheza, hupangusa mikono na kukwambia, «Jaduong', hii ni kukopa tu.» Fundi mbaya hukaza kama ulivyomwomba, na unamshukuru.

Deni la kukopa hulipwa siku giaboksi inaposhushwa. Ni siku nzima hiyo. Gari linainuliwa kwa jeki na kuegemezwa mawe na vipande vya magogo ambavyo singependa kuvitazama kwa karibu. Propela inafunguliwa, bolti za giaboksi zinatoka moja moja, isipokuwa ile ya juu kabisa isiyofikika, ambayo nadhani iliwekwa na mtu aliyewachukia mafundi. Kila mpita njia anachuchumaa atoe ushauri. Muuza chai anafika, na madalali wa speya wanajua jina lako kabla hujawaambia. Kijana mwanagenzi anachonga kipande cha mti cha kusimamisha sahani mpya katikati, ili shafti iingie bila kugombana, na useremala huo ndani ya chuma ni jambo zuri kulitazama. Watu wangapi wamekula siku hiyo kwa sababu sahani yako imeisha? Klachi nzima haijawahi kumnunulia mtu hata chapati.

Mwishowe sahani ya zamani inatoka. Lainingi imebaki nyembamba mno, vichwa vya ribiti vinang'aa, na unaambiwa uishike mwenyewe uone kwamba hukudanganywa. Unaishika. Unafungua pochi ulipe uende. Lakini fundi bado yuko chini ya gari na tochi yake, anapitisha kidole pale ndani, ananusa, anakitoa kikiwa cheusi na chenye utelezi.

«Jaduong',» anaita, «kumbe oili sili ya nyuma inavuja. Na hii flaiwili imechimbika. Tunaweka hivyohivyo, ama naipeleka ikachongwe?»