Jipime Kwanza Kabla Hujahamia Njombe Kulima Parachichi

Dalili za ugonjwa huu zinajulikana. Uko kwenye foleni ya Ubungo saa moja usiku, simu inakuletea video ya kijana aliyevaa gambuti, nyuma yake vilima vya kijani. Anakwambia ekari moja inabeba miche 70 hivi ya parachichi, mti mmoja unatoa kilo kadhaa, kilo moja ni shilingi kadhaa. Kufika Kimara umeshazidisha. Kufika Mbezi una nyumba ya mbao yenye baraza, chai ya mchaichai na utulivu. Nyumbani unatangaza kwamba mji umekushinda, unarudi shamba. Unasema "narudi" na ulizaliwa Temeke.

Basi usiuze kiwanja kwanza.

Wapo watakaokushauri ujizoeze kulala bila umeme na kuoga maji ya ndoo. Wasikusumbue. Aliyeishi Dar es Salaam wakati wa mgao, akawa anambembeleza mwenye boza la maji kwa simu, mtihani huo alishaufaulu zamani. Huenda ukakuta nguzo ya REA imesimama hatua chache kutoka mlangoni pako, na kuunganishiwa ni shilingi 27,000. Giza halijamrudisha mtu mjini.

Anza na kalenda. Usiende kukagua Desemba. Desemba kijiji kimejaa watoto wake waliotoka mjini, kila nyumba ina gari na mbuzi anachunwa, kila mtu anacheka. Hata wewe ungechaguliwa mwenyekiti. Nenda Februari, mvua zilizoanza Novemba zikiwa zimekolea. Mteremko wa kwenda shambani umegeuka utelezi, bodaboda anakwambia ushuke msukume, na nauli haipungui. Kisha nenda tena Julai. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya sakitu inaunguza miche michanga kama iliyopitiwa na moto. Usiku utatamani kulala na jiko la mkaa chumbani. Hapo mzaha naweka kando: usifanye hivyo, hewa yake inaua watu usingizini.

Sasa lete ile hesabu yako. Parachichi la kisasa la Hass linaanza kulipa baada ya miaka mitatu hivi. Andika kwenye karatasi utakula nini katika miaka hiyo, na "nitakuwa nafanya kazi zangu kwa mtandao" usiiandike mpaka umejua mtandao wenyewe unashika chini ya mti gani. Matunda yakikomaa, mnunuzi atakuja na kipimo chake. Dogo analiacha, lenye mkwaruzo analiacha. Hayo utakula asubuhi, utakula mchana, na jioni utawapelekea majirani ambao nao wana ya kwao. Ukiona bado hesabu inakubali, mtafute mtu aliyefuga kware wakati wa wimbi la kware. Naye alikuwa na kikokotoo.

Zahanati ipime kwa miguu, tena ukijifanya una homa. Ramani ya kwenye simu haijawahi kuumwa.

Lakini mtihani wenyewe ni ule utulivu unaoutafuta. Dar unaweza kukaa miaka mitano ukuta kwa ukuta na mtu, usimjue jina. Kijijini, siku unayoshusha vyombo godoro lako litahesabiwa, na kabla ya magharibi ng'ambo ya bonde watajua ni la inchi ngapi. Jaribu hivi ukiwa bado huku: kesho ukienda kituoni, msalimie kila unayekutana naye. Simama. Shikamoo hairushwi dirishani kama ganda la ndizi. Uliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, halafu ungoje majibu bila kuchungulia simu. Ukifika kituoni basi limekuacha na moyo wako mweupe, unaweza kuanza kujifunza salamu ya kule, "kamwene". Ukifika umenuna, bakia hapo hapo Mbezi, unafaa sana.

Kisha kuna msiba. Mjini umezoea: unaongezwa kwenye kundi la WhatsApp, unaandika "poleni sana", unatuma rambirambi kwa simu, umemaliza. Kule ukisikia kilio, siku yako ya kazi imekwisha, hata kama mbolea iko juani. Wanaume wanabeba majembe na sururu, wanawake kuni na unga. Kwenye benchi chini ya mti ameketi mtu na daftari la shule lililokunjika ncha, anaandika kwa kalamu ya kuazima: fulani, debe la mahindi, fulani, shilingi elfu mbili, fulani, mzigo wa kuni. Daftari hilo halipotei. Unaweza kukosa mkutano wa maendeleo miaka yote ukaendelea kuitwa mheshimiwa, lakini ukikosa makaburi mara mbili, siku ukifiwa wewe watakuja watu wachache sana, nao watachelewa.

Ukiwa bado unataka, tafuta ardhi, na utaratibu wake ndio kipimo cha mwisho. Utaoneshwa shamba zuri na mzee mmoja kilimani, mwenye haraka na hela yako, kumbe shamba ni la ukoo na wadogo zake wako Makambako. Mshukuru, nenda ofisi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kwa hiyo ombi lako litapita kwa halmashauri na linaweza kufika mkutano mkuu. Hapo utasimamishwa mbele ya watu waliovaa makoti mazito nawe umevaa fulana. Hawatakuuliza una mtaji kiasi gani. Watauliza kama utaishi hapo au utalima kwa simu, unatoka kwa nani, kwenu wapi. Mama mmoja aliyekaa nyuma atauliza kama mkeo amekubali kuja, au kama mumeo amekubali, na mkutano mzima utakaa kimya kungoja. Hilo lijadilini mkiwa bado Dar.