Ini Kizimbani

Mabibi na mabwana, wageni waalikwa, na nyinyi mliofuata harufu ya pilau: kaeni. Mbele yenu nimesimama mimi, Bingwa wa Mabingwa wa Ini, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosa mpinzani sebuleni kwangu. Leo nalishtaki ini kwa kosa la kuharibu ushahidi.

Mwishoni mwa 2008, wakemia wa Ujerumani walichambua majani yaliyouzwa kama ubani kwa jina la Spice. Humo waliikuta JWH-018, kemikali iliyotokana na utafiti wa John W. Huffman wa Marekani. Mvutaji analewa chakari kama wa bangi, lakini kipimo cha kawaida cha bangi hakioni kitu. Ukiitafuta JWH-018 yenyewe mkojoni, aghalabu huikuti. Imekwenda wapi? Muulizeni mshtakiwa!

Vimeng'enya vyake, hasa CYP2C9 na CYP1A2, huukamata mkia wa JWH-018 wenye kaboni tano na kuupachika oksijeni. Vingine huja kuibandika asidi ya glukuroniki, iyeyuke vizuri majini na kutoka na mkojo. Je, ini liliniomba kibali? Halikuniomba!

Wanamaabara, watu wasiojua kuhutubia, hawawezi kumnywesha mtu dawa isiyojulikana ili wamchunguze. Basi huchukua seli za ini, au vipande vyake viitwavyo mikrosomu, wakazichanganya na dawa hiyo kwenye joto la mwili, kisha wakakagua mabaki kwa spektrometa ya masi. Hapo ndipo wanapojua kitu cha kutafuta mkojoni. Niliwashauri waokoe gharama kwa kuniuliza mimi. Walinitazama kwa unyenyekevu mkubwa, wakaniitia mlinzi anisindikize.

Wauzaji nao hawalali. Walileta AM-2201, ambayo ni JWH-018 yenye florini nchani mwa mkia. Ini likaing'oa florini ile, likaacha mabaki yaleyale ya JWH-018! Hakimu amwamini nani? Wapimaji wakatafuta mabaki mengine, yale yaliyopata oksijeni huku florini ikiwa bado mahali pake, na kesi ikanyooka.

Hukumu yangu ni hii: mshtakiwa hana shahada wala joho, na kila alilotenda limesomeka mkojoni. Namwachia huru kwa sharti moja, kwamba kuanzia leo kila kimeng'enya kinitaje kwanza kabla ya kuanza kazi. Maswali hayapokelewi. Makofi yanaruhusiwa.