Sifa za Ruta, Msema Kweli wa Dongobesh

Kila chema cha Mbulu na Hanang kimekwisha kupata wa kukisifu. Wazee wa Kiiraqw husimama wakatoa slufay, wakaibariki nchi kwa mvua, malisho, watoto na ng'ombe, na watu wakaitikia. Mlima Hanang husifiwa na kila aliyewahi kuupanda, kwa urefu wake wa zaidi ya mita 3,400. Vitunguu saumu vya Mbulu havihitaji mpiga debe, harufu yake hutangulia kufika sokoni. Hata ngano ya Bassotu ina historia yake, tangu enzi za mashamba makubwa ya NAFCO. Aliyesahauliwa ni mmoja tu: ruta ya intaneti iliyokaa dirishani mwa steshenari yangu hapa Dongobesh. Leo nasimama mbele ya kadamnasi kuisifu, na anayetaka kucheka naomba avumilie mpaka nimalize.

Msomaji wa mjini, ambaye faiba imemfikia hadi sebuleni, anastahili kujulishwa kwanza ni nani anayesifiwa. Huku kwetu kampuni haikuvutii waya mpaka dukani. Inakuuzia kisanduku cheupe chenye laini ya simu ndani yake. Unakichomeka kwenye umeme, nacho kinazungumza na mnara kwa mawimbi ya redio, kisha kinakugawia Wi-Fi. Mnara wenyewe ndio huo huo unaohudumia simu za watu wote wa eneo hili, na haujitoshelezi. Huurusha mzigo wake kwa mnara wa pili juu ya kilima kingine, wa pili kwa wa tatu, mpaka unapopatikana Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Kutoka hapo mzigo unakwenda Dar es Salaam, unazama Bahari ya Hindi na kuibukia ng'ambo. Kwa hiyo mtu anayefungua barua pepe Dongobesh amevuka milima na bahari kabla chai yake haijapoa. Ikifunguka, lakini.

Fadhila zake ndogondogo nitazitaja kwa mbio. Imenifundisha jiografia: hata nikiamshwa usiku wa manane nitakuonyesha mnara uko upande gani. Imenifundisha botania: majani mabichi yana maji, maji hunyonya mawimbi, hivyo mkaratusi unaostawi kwa jirani unanifilisi mimi. Imenifundisha ujenzi: bati huyarudisha mawimbi yalikotoka, ndiyo maana ruta inaishi dirishani na meza niliyoinunulia imebaki ya kuwekea chai. Imewarudisha wanangu kwenye vitabu. Na usiku wa Julai, baridi ya Mbulu inapouma, paka wa duka hulala juu yake. Huyo ndiye mteja pekee wa kampuni ambaye hajawahi kulalamika.

Fadhila yake kuu, ile ambayo kwayo ingestahili sanamu mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya, ni ukweli.

Angalieni taa yake. Mtandao ukiwepo, kijani. Mtandao ukikosekana, nyekundu. Hapana maelezo, hapana kikao. Nitajieni mtu mwingine katika nchi hii anayetangaza hadharani, kazini, mbele ya wateja, kwamba kwa sasa hafanyi kazi yoyote. Viongozi wa umma hujaza tamko la mali na madeni, nasi tusiojua yaliyomo tunawaamini. Ruta yangu hutoa tamko lake kila sekunde, kwa rangi, na hata mtoto wa chekechea analisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Nimewahi kufikiria kuiombea ajira serikalini, nikaona isingepita usaili. Ingeulizwa kama inaweza kufanya kazi katika mazingira magumu, nayo ingewaka nyekundu. Ingeulizwa inajiona wapi baada ya miaka mitano, ingewaka nyekundu. Wajumbe wa jopo wangetazamana, kwa kuwa hawajawahi kupata mwombaji wa namna hiyo, na kazi wangempa aliyesema anaweza kila kitu. Nimefikiria pia kuichukulia fomu ya kugombea uenyekiti wa kijiji. Hebu pigeni picha mkutano mkuu wa kijiji: mwananchi anasimama kuuliza fedha za zahanati ziko wapi, na mwenyekiti, badala ya kushukuru kwa swali zuri, anawaka nyekundu mbele ya watu wote. Mkutano ungekwisha saa nne asubuhi na watu wakawahi shamba.

Wapo wenye husuda watakaosema: mbona siku nyingine taa ni kijani na hakuna kinachofunguka? Hapo ndipo ukweli wake unapozidi kung'aa. Taa ya kijani inashuhudia jambo moja tu, kwamba ruta na mnara wanaonana. Yanayotokea nyuma ya mnara haikuyaona, na kama shahidi aliyekula kiapo mahakamani, haisemi ya kusikia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi Afrika Mashariki. Ruta ya Dongobesh ingewezaje kutoa ushahidi juu ya tukio la baharini, nayo haijawahi kuona hata Ziwa Manyara? Iliulizwa kuhusu mnara, ikajibu kuhusu mnara.

Msema kweli, tunaambiwa, ni mpenzi wa Mungu. Basi tuwatazame na jamaa zake wa karibu, tuone kama sifa hii inatembea katika ukoo.

Wa kwanza ni yule kijana wa mauzo aliyekuja na pikipiki na fulana ya kampuni. Aliniamkia vizuri, shikamoo mzee, akanionyesha kwenye simu yake ramani ambayo Dongobesh yote imepakwa rangi, pamoja na mabonde ambayo hata redio ya betri hukohoa. "Mzee, ukifunga hii, shida za mtandao unazisahau." Alipima kasi akiwa amesimama nje, katikati ya uwanja, saa tano asubuhi, jua likiwaka na watu wakiwa mashambani. Hakusema kwamba uwezo wa mnara ni wa kugawana, na kwamba jioni kila mtu akirudi nyumbani na simu yake, fungu langu litapungua. Hakusema ndani ya ukuta na chini ya bati mambo yatakuwa mengine. Ruta ilikuwa mkononi mwake wakati huo, bado imo ndani ya boksi. Naamini ingetolewa na kuchomekwa kabla sijalipa, ingeniambia yote.

Wa pili ni sauti ya huduma kwa wateja. Ni sauti ya adabu mno. Baada ya muziki mrefu inakuita "ndugu mteja", inakuomba uzime ruta, usubiri, uwashe. Unaieleza kwamba umekwisha kuzima na kuwasha. Inakushukuru, kisha inakuomba uzime, usubiri, uwashe. Mwishoni inasema tatizo limepokelewa na mafundi wanalishughulikia, na haijapita muda unapata ujumbe unaokuomba utoe maoni kuhusu huduma uliyopata, kwa kubonyeza kiungo ambacho kinahitaji intaneti.

Wa tatu ni mwezi. Kifurushi changu ni cha mwezi, na mwezi wa kampuni hauugui. Taa ikiwa nyekundu siku tatu mfululizo kwa sababu mvua imeiangusha nguzo ya umeme na betri za mnara zimekwisha, siku hizo tatu nazo zimehesabiwa, zimelipiwa, zimekwenda. Nikichelewa mimi kulipa, nakatwa saa ile ile. Sijawahi kuona mtambo wenye macho makali kwa deni la mteja na upofu wa namna hii kwa deni la mwenye mtambo. Nasema haya kwa utulivu. Paka ameondoka, lakini mimi nimetulia.

Na hapa mzaha unanishinda, kwa sababu ya benchi lililo mlangoni mwangu.

Steshenari ya kijijini siku hizi ndiyo kaunta ya serikali. Mkopo wa elimu ya juu huombwa mtandaoni kwa HESLB. Cheti cha kuzaliwa kinachoambatanishwa huhakikiwa mtandaoni kwa RITA. Kazi serikalini huombwa kwenye Ajira Portal, leseni ya biashara kwenye TAUSI. Tangu Oktoba 2023 zabuni za umma zimehamia kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo hata fundi wa hapa hapa anayetaka kupaua darasa la shule sharti kwanza awe na akaunti. Walimu hujaza kazi zao kwenye PEPMIS. Sipingi hata mmoja wa mifumo hii. Imepunguza safari za Babati na Dodoma, na imepunguza mkono wa mtu mmoja kuficha faili la mwingine. Ninachouliza ni nani aliyeangalia rangi ya taa huku kwetu kabla ya kuifunga kaunta ya karatasi.

Binti anapanda bodaboda kutoka Maretadu na bahasha ya vyeti kifuani. Nauli imetokana na kuku. Anakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Taa nyekundu. Mchana taa inageuka kijani, tunajaza kurasa, tunafika mahali pa kupandisha vyeti, duara linazunguka, linazunguka, mfumo unasema muda wako umekwisha, ingia upya. Taa nyekundu. Dirisha la maombi linafungwa usiku wa manane, muda uliopangwa na mtu aliyekaa mahali ambapo usiku wa manane kuna mtandao. Binti ananiuliza, "Baba, sasa itakuwaje?" Mimi ni mwenye duka. Nifanye nini, nimrudishie nauli?

Kwenye ofisi nyingine, ambayo sitaitaja, wameshajua njia rahisi. Ukifika unaambiwa mtandao unasumbua, njoo kesho. Nami nikichungulia dirishani naiona ruta yao, pacha wa yangu, imewaka kijani tulivu, na mhudumu anaangalia tamthilia kwenye simu. Hiyo ndiyo dhuluma kubwa anayofanyiwa msema kweli wangu: kila uvivu wa binadamu siku hizi unaandikwa kwa jina lake. Faili limepotea, mtandao. Mkubwa amechelewa, mtandao. Risiti haitoki, mtandao. Kama ruta zingekuwa na chama, zingekwenda mahakamani kudai fidia ya kuchafuliwa jina.

Asidhani mtu kwamba tunalilia anasa. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku ile kila mwenye ndugu Hanang alikuwa na simu mkononi akitafuta sauti moja tu. Aliyewahi kupiga simu ya namna hiyo anajua kwamba mawasiliano ni huduma ya lazima, kwenye fungu moja na maji na barabara, na anajua uzito wa kumwambia mtu wa kijijini kuwa mtandao unasumbua kidogo, avumilie.

Serikali haijalala, hilo niseme. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili minara ifike mahali ambako kampuni haioni faida, na Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Mnara ni mwanzo mwema. Lakini mnara uliosimama bila betri za kutosha, na wenye njia nyembamba ya kuupeleka mzigo wake kwenye mkongo, ni mlingoti wa kupigia picha siku ya uzinduzi. Ripoti huhesabu minara, kwa sababu minara huhesabika ukiwa ndani ya gari.

Basi nawaombea wote hawa taa. Makao makuu ya kila kampuni ya simu yawe na taa moja mlangoni, na kila ofisi inayopokea fomu mtandaoni iwe na yake, zenye rangi mbili tu, na ziunganishwe na benchi langu la Dongobesh. Wakubwa wakifika asubuhi waione kabla ya chai.

Mpaka taa hizo zitakapofungwa, naomba mambo matatu ambayo hayahitaji mtambo wowote. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo tangu 2003 imekabidhiwa kazi ya kuzisimamia kampuni hizi, izilazimishe kumrudishia mteja kila siku ambayo mtandao ulikuwa umekatika, bila mteja kuomba wala kupigiwa muziki. Ofisi zinazofunga dirisha la maombi ziache fomu ya karatasi kwenye kila kata kwa ajili ya wale ambao mtandao uliwakatikia. Na mhudumu anayesingizia mtandao aoneshe taa yake kwanza.

Kampuni inayochukua fedha ya siku thelathini na kutoa huduma ya siku ishirini inadaiwa siku kumi. Ahadi ni deni, na deni hulipwa.