Sifa za Ukoga

Simba husifiwa kwa kunguruma na tausi kwa manyoya. Ukoga, ule utando mweupe unaonata kwenye mashina ya meno kila asubuhi, haujatungiwa hata ubeti mmoja. Hii ni dhuluma.

Kwanza, ukoga una wenyewe. Ni bakteria, wengi wao wadogo kiasi kwamba elfu moja wakipanga foleni hawafiki milimita mbili. Watafiti wameshatambua zaidi ya aina 700 vinywani mwa watu, na nyingi hazina ugomvi na mtu.

Wa kwanza kuwaamkia alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi. Mwaka 1683 alichokonoa ukoga wake, ingawa meno aliyasugua kwa chumvi, akauchanganya na maji ya mvua na kuuchungulia kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Akaona vijidudu hai, vingine vikizunguka kama pia. Kisha akapata mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno maishani. Kwa mzee huyo, umati! Huo ndio ukarimu.

Bingwa wao ni Streptococcus mutans. Mtoto hazaliwi naye. Mara nyingi huja na kijiko ambacho mama alionjea uji kujua kama umepoa. Akishakaribishwa hivyo kwa upendo, hulipa fadhila kwa bidii. Mtoto amekula ubuyu na kashata, amelala bila kupiga mswaki, mate yamepungua: ndiyo zamu yake. Sukari nyingine huigeuza gundi ya kujinatisha jinoni, nyingine huila na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha kalsiamu na fosfeti ya jino, polepole, bila kelele, hadi kitokee kitundu cheusi. Tabaka la nje la jino ni gumu kuliko mfupa wowote mwilini, na linatobolewa na kiumbe asiye na jino hata moja. Nani mwingine ana subira hiyo?

Ushujaa pia wanao. Leeuwenhoek alisukutua kwa siki, lakini waliojificha ndani ya ukoga hawakutikisika. Miaka kadhaa baadaye alishangaa kukuta meno yake ya mbele hayana vijidudu vilivyo hai, akaishuku kahawa ya moto aliyokunywa asubuhi. Wale wa kwenye magego, ambako kahawa haikuunguza sana, walikuwa wazima wa afya.