Mbemba Anayeitwa Materazzi

Huku Kasongo, jimboni Maniema, Kongo, mechi haihesabiwi kwa dakika, inahesabiwa kwa esansi. Ukiingia chumba cha PlayStation kilicho jirani na soko, usiulize mpira utachezwa muda gani. Uliza jenereta imetiwa kiasi gani. Nimewahi kuongoza mabao matatu kwa bila, mpinzani ameshanyong'onyea, mara jenereta ikakohoa, televisheni ikazima, na yule marehemu akasimama na kutangaza sare. Sheria imeandikwa ukutani kwa makaa: umeme ukikatika hakuna mshindi, na franka hazirudi.

Mashine yenyewe ni PlayStation 2. Sony waliitoa Japani Machi 2000, wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Kwetu habari hiyo haijafika, au ilifika ikapuuzwa. Mfuniko umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Siku lensi inapogoma, mwenye chumba, ambaye wote tunamwita Yaya, yaani mkubwa wetu, hata wanaomzidi umri, anaigeuza mashine juu chini, nayo inasoma. Diski iliyokwaruzika hupakwa dawa ya meno na kusuguliwa kwa pindo la fulana. Baadhi hupona. Nyingine zinabaki na harufu nzuri tu.

Diski inayopendwa kuliko zote ni Pro Evolution Soccer 6, ya mwaka 2006. Kasoro yake kubwa ni kwamba Leopards wetu, timu ya taifa, hawamo. Konami, walioutengeneza, waliwakumbuka Togo na Angola, sisi wakatuacha nje. Basi vijana wakajitengenezea timu: jina moja moja, jezi, nywele, namba mgongoni. Baada ya Leopards kufika nusu fainali ya Kombe la Afrika mwanzoni mwa 2024, ilikuwa lazima nahodha wao Chancel Mbemba aingie. Tukatafuta beki mwenye kifua, tukampata Marco Materazzi, yule aliyepigwa kichwa na Zidane. Tukambadilisha jina, tukambadilisha rangi, tukamfunga kitambaa cha unahodha. Kitu kimoja kikatushinda: mtangazaji. Mbemba akigusa mpira, Mwingereza wa ndani ya diski anaita "Materazzi!"

Hilo halikumsumbua mtu mpaka walipokuja wageni kutoka Kabambare. Walifika na pikipiki zenye tope hadi kwenye taa, wakaweka dau, wakafungwa bao la kichwa kutokana na kona. Mtangazaji akataja mfungaji. Nahodha wao akaweka maneti chini taratibu, akasema wanakata rufaa: Kasongo wamechezesha mgeni. Tukamwonyesha jina kwenye kioo, M-B-E-M-B-A. Akajibu kwamba jina hata yeye anaweza kuandikiwa, ila sauti imetoka kwa shahidi asiye na ndugu Kasongo. Ubishi ulichukua esansi nyingi kuliko mechi. Mwishowe Yaya akatoa hukumu: televisheni ifungwe sauti, bao libaki, na kila mtu alipe tena. Kabambare wanaendelea kudai ushindi wa mezani hadi leo.

Sasa nije kwenye hasira zangu. Electronic Arts wamekuwa wakiuza mpira kila mwaka tangu 1993, na kila mwaka wanasema huu ni mpya. Ilipofika michezo yao ya FIFA kwa Nintendo Switch, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, waliacha hata kujificha: mchezo uleule, jezi mpya na wachezaji waliohama. IGN, wanaohakiki michezo, walipopelekewa FIFA 21 ya Switch walichapisha tena maandishi yao ya mwaka uliotangulia. Ndio wahakiki niliowaheshimu kuliko wote. Mwaka 2023 kampuni na shirikisho la FIFA wakaachana, mmoja akabaki na mchezo, mwingine akabaki na jina. Konami nao hawakuwa na aibu. Mwaka 2021 walitoa eFootball ambayo nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda kiasi cha kuwalazimu kuomba radhi.

Kubadilisha majina na jezi juu ya mchezo wa zamani, kazi hiyo watoto wa Kasongo wanaifanya kwa kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8. Wabrazili wanaotengeneza Bomba Patch wamefanya hivyo kwa PS2 miaka na miaka, na diski zao mimi nazihesabu kuwa halali ya moyo hata kama wanasheria watakataa. Wote wanarudia mchezo wa zamani. Tofauti ni kwamba wa Brazili na wa Kasongo hawakudanganyi.

Udanganyifu kamili niliuona kwa shemeji yangu, mchimba dhahabu wa Salamabila. Alipata kipande kizuri, akateremka hadi mji mkubwa, akarudi na boksi jeupe lenye picha ya PlayStation 5. Jina kwenye boksi lilikuwa na herufi moja tofauti ambayo hakuitilia maanani. Tukakusanyika, wazee kwenye viti, watoto sakafuni, jenereta imejaa pomoni. Kikatokea kioo cheusi na orodha ya michezo mia mbili. Wa kwanza ulikuwa yule fundi bomba anayeruka uyoga tangu 1985. Kuanzia ukurasa wa pili majina yalikuwa mapya na michezo ileile: fundi bomba usiku, fundi bomba mwekundu, fundi bomba 4. Shemeji alivumilia mpaka alipofungua uliotajwa kuwa mpira wa miguu, akahesabu wachezaji, hawakufika kumi na mmoja. Akanyanyuka akaenda nje. Nikamfuata nikamwambia, "Shemeji, usijione mjinga, matajiri wa Ulaya wananunua kitu hikihiki kila Septemba." Hakufarijika.

Na hata iliyo ya kweli haina huruma na sisi. Mpwa wangu alitoka Bukavu na PlayStation 4 isiyo na kosa lolote, tukaiwasha, ikatuomba intaneti. Ilitaka gigabaiti nyingi kabla ya kuturuhusu kupiga hata pasi moja. Hapa megabaiti tunazinunua kwa kuzihesabu. Tukaitazama ikizungusha kile kiduara chake, kisha Mama akachomoa waya achaji simu za watu, maana simu zinalipa. Novemba 2024 Sony walitoa PS5 Pro, karibu dola 700, bila mahali pa kutia diski. Nintendo nao, kwa Switch 2 ya mwaka 2025, baadhi ya kadi wanazouza hazina mchezo ndani, zina ruhusa tu ya kwenda kuupakua. Umelipia ufunguo, nyumba ikafuate intaneti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vitu vya ndani ya mashine hizi vinatoka kwetu. Maniema inatoa kasiteriti, ambamo hutoka bati la kulehemu, inatoa koltani, ambamo hutoka tantali ya kapasita, na dhahabu. Mwishoni mwa 2000, PS2 ikiwa imetoka na simu zimeenea, bei ya tantali iliruka sana, mwaka uliofuata ikaanguka. Septemba 2010 rais wetu wa wakati huo, Kabila, alisimamisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, hadi Machi 2011. Na mwaka 2012, shirika la Enough Project lilipopima kampuni zinavyofuatilia madini yanakotoka, Nintendo walipata sifuri. Wenye kutengeneza mashine ni kama mjomba aliyeondoka na jembe lako akarudi kukuuzia mpini.

Nasikia wanaouliza: sasa ubunifu wa kweli uko wapi? Kwa Kiro'o Games wa Yaoundé, nchini Kamerun, waliotoa Aurion mwaka 2016, mchezo wa hadithi za Kiafrika zisizo na mpira hata kidogo. Unataka kompyuta, na chumba chetu hakina, kwa hiyo nausifu kutoka mbali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mashine isiyocheza bila ruhusa ya kampuni bado ni mali ya kampuni, na PlayStation 2 ndiyo ya mwisho niliyoimiliki kweli, ingawa ni ya Yaya. Wewe unayepita Bukavu au Kalemie, ukiona lensi ya PS2 inayosoma, nunua mbili, tutachanga. Chukua na kadi ya kumbukumbu, maana iliyopo imejaa na Yoane Wissa, mshambuliaji wa Leopards, bado hajapata nafasi kwenye timu yetu.