Suti Mbili na Pampu Moja

Mtu aliyezaliwa pwani akahamia bara hutwishwa maarifa asiyoyaomba: akipika wali huulizwa nazi iko wapi, akikohoa hudhaniwa amefuatwa na majini yake kutoka Mombasa, na litokeapo jambo lolote lihusulo maji, yawe ya mfereji, ya mvua au ya kisima, majirani humgeukia wakiwa na yakini kwamba bingwa amepatikana. Ndivyo ilivyokuwa hapa Ruiru mwezi wa Julai, pale pampu ya chama chetu cha kumwagilia mboga, iliyokuwa ikining'inia kwa waya wake wa umeme katika maji yaliyotuama ndani ya timbo la zamani la mawe, ilipokatika ikazama, na mkutano wa dharura ukapitisha kwa kauli moja, pasipo mimi kushauriwa, kwamba nitazamia nikaiopoe.

Niliwabainishia kwamba huko kwetu Lamu tuliogelea katika bahari ambayo aghalabu haipungui nyuzi 24 za joto, na kwamba hata wazamiaji lulu wa Ghuba ya Uajemi, waliokuwa wakishuka kwa pumzi moja, kibano puani na jiwe mguuni, waliuweka msimu wao mkubwa wakati wa jua kali. Ilhali Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, mto wake unateremka kutoka upande wa Nyandarua, na asubuhi za Julai huwalazimisha hata wenyeji kuvaa makoti mawili. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzee, tumekuelewa. Tutakununulia nguo."

Kwa hiyo tukaenda kwenye mitumba, ambako robota lililofunguliwa asubuhi hiyo lilikuwa limetoa, katikati ya suruali na mablanketi, libasi mbili ambazo muuzaji alizitundika mbele kabisa na kuziita kamera, yaani mali teule. Ya kwanza ilikuwa suti nyeusi ya mpira wa neopreni, nene kiasi cha milimita tano, yenye kubana. Ya pili ilikuwa suti kavu, yaani isiyoingiza maji, pana, yenye soksi zilizoungana na miguu, mipira ya kubana shingoni na vifundoni mwa mikono, na zipu ya shaba iliyokatiza mgongoni kutoka bega hadi bega.

Hapo ndipo fitina ilipoingia chamani. Nilipowaambia kwamba ile ya kwanza huruhusu maji yaingie, na kwamba maji hayo machache, yakinaswa kati ya mwili na neopreni, hupata joto la mwili yakatulia, mweka hazina aliruka: "Tangu lini mtu akanunua koti la mvua linalovuja?" Nikamjibu kwamba hoja yake ni ya kale na ina heshima zake, kwa kuwa tangu mwaka 1837, Augustus Siebe alipoiunganisha kofia ya shaba na vazi lisiloingiza maji huko London, wazamiaji wengi walidhani kupata joto na kukaa mkavu ni jambo moja, lakini mwaka 1952 mwanafizikia Hugh Bradner wa California alitambua kwamba kinachozuia baridi ni vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya kitambaa chenyewe, na kwamba mzamiaji anaweza kulowa chapachapa asitetemeke. Mweka hazina akasema Bwana Bradner si mwanachama.

Ikaamuliwa basi zote mbili zijaribiwe. Kijana wetu wa bodaboda, ambaye tayari alikuwa ameipigia hesabu suti kavu kwa ajili ya mvua za barabara kuu ya Thika, alijitosa ndani yake, akafungiwa zipu na muuzaji, na kwa muda wa dakika chache alitembea sokoni kwa madaha makubwa. Ila jua lilitoka, hewa iliyonaswa ndani ikampanda kifuani, jasho likakosa mlango, na alipotaka kuvua, ndipo ikadhihirika kwamba mvaaji mwenyewe hawezi kuifikia zipu ya mgongoni, na kwamba muuzaji amekwenda kunywa chai. Alipofunguliwa hatimaye, vazi lile lisiloingiza tone lilikuwa limemlowesha kuliko masika.

Nami zamu yangu haikuwa na stara zaidi. Neopreni ilikwama mapajani, haipandi wala haishuki, na mtu mmoja aliyesema amewahi kufanya kazi ya kupiga mbizi huko Diani akatoa wasia kwamba dawa ni kuvaa mfuko wa plastiki mguuni kwanza, suti iteleze. Wasia ulikuwa wa haki, bali Kenya imepiga marufuku mifuko hiyo tangu Agosti 2017, na hapakuwa na aliyekuwa tayari kuvunja sheria kwa ajili ya paja langu. Ikabidi nipakwe sabuni ya kipande nyuma ya pazia la kanga, huku watu wawili wakivuta na watatu wakitoa ushauri, hata nikasimama mbele ya wateja nimebanwa kama ndizi iliyorudishwa katika ganda lake.

Wakati huo huo fundi wa visima, ambaye hakuna aliyemkumbuka kwa kuwa hakuzaliwa pwani, alifika timboni na kamba na kulabu ya meno matatu, akaiopoa pampu kutoka ukingoni, na akaondoka hajalowa hata kiatu.

Hukumu yangu, madhali suti zile nimeziona kwa karibu, ni hii: kwa maji ya baridi ya wastani neopreni yatosha, kwa maji yanayokaribia barafu, suti kavu ndiyo yenye haki, lakini huhitaji nguo za joto ndani yake, mtungi wa hewa wa kuijaza kadiri mtu anavyoshuka, na mafunzo, maana hewa ikikimbilia miguuni humpindua mzamiaji kichwa chini. Ama maji ya timbo yameua waogeleaji wengi, nayo hayastahiki kujaribiwa kwa suti yoyote. Ndugu msomaji, ukitundika pampu, ifunge kwa kamba madhubuti, na waya uuachie umeme.