Babu Anataka Mguu Gani Kwanza?

Shangazi, na nyote wa Chumbageni:

Leo kwenye kikao cha kazi hapa Bergen, mkuu wetu, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anatusomea bajeti huku anafuma soksi. Hakuna aliyeshtuka. Alipofika kwenye kisigino akaomba tumsubiri kidogo. Tukasubiri.

Norwei ndiyo hii. Mwaka 2013 televisheni ya taifa ilikesha ikionyesha kufuma: kondoo akanyolewa, manyoya yakasokotwa kuwa uzi, uzi ukafumwa kuwa sweta, yote mbele ya kamera. Walitaka kuvunja rekodi ya Waaustralia ya chini ya saa 5, wakaachwa mbali. Nami nilidhani watu hukeshea taarabu na mpira.

Nimeingia mkumbo huo, chekeni mmalize. Kinachonitoa jasho ni sheria ya kipande cha majaribio. Hugusi sweta mpaka ufume kwanza mraba wa sentimita 10 kwa 10. Unauosha, unaulaza ukauke, kesho yake unahesabu vitanzi kwa rula. Maelekezo yanataka 22. Ukipata 24, mkono umekaza: chukua sindano nene, fuma mwingine, osha, laza, hesabu. Ukipata 20, umelegea: rudi kwenye nyembamba. Sweta bado hata shingo! Nikamwambia bibi anayetufundisha kwamba shangazi yangu amevisha vitambaa makochi ya nusu ya mtaa kwa kukadiria tu, huku anafukuza kuku na kurudisha chenji. Akaniuliza, kwa adabu zote, kama makochi hayo yana makwapa.

Soksi nayo ina sindano 5 fupi, zenye ncha huku na huku. Vitanzi vinakaa kwenye nne, ya tano ndiyo inayofuma. Kwenye kisigino unageuka kabla ya mwisho wa safu, unarudi, unageuka tena kabla ya mwisho, na ghafla kitu kilichokuwa bapa kinajikunja chenyewe, kinapata tumbo la kukaa kisigino. Mikono ilikuwa yangu na bado sijui kimetokeaje. Nikampigia Hamisi huko nyumbani usiku uleule nimwonyeshe. Akasema soksi Ngamiani ni buku, akakata simu. Bora alikata, angeuliza bei ya uzi.

Jioni sisi wafumaji tunakutana maktaba. Watu hawa kwenye basi wako radhi kusimama kuliko kukaa karibu na mtu, lakini wape uzi, macho yakiinama tu, midomo inafunguka: nani kaachika, nani kauza boti, daktari kasemaje. Kahawa ipo, tangawizi hakuna. Kuna wakati nasikia kabisa baraza letu baada ya magharibi, na mama akiuliza nani kamaliza kashata. Nikizinduka, vitanzi viwili vimeshadondoka.

Sweta ni ya mtoto wa Zuhura. Msiniulize ataivaa wapi hapo Tanga, apelekwe Lushoto. Soksi ni za babu. Nakaribia vidoleni, kwa hiyo nitumieni urefu wa unyayo wake kwa sentimita, si "kama wa Hamisi". Halafu mumuulize taratibu, maana ya pili ni kuanza upya safari ileile, na kisigino sasa nakijua, hakina tena mshangao: mwaka huu angependa ya kushoto, au ya kulia?